Ubao Unaoandika Makosa

Katika viwanja vikubwa vya besiboli nchini Marekani, ubao wa matokeo huwa na safu tatu pembeni ya jina la kila timu. Ya kwanza ni ya pointi. Ya pili ni ya mipira iliyopigwa vizuri hata mpigaji akafika salama kwenye kituo. Ya tatu ni ya makosa. Mchezaji akiudondosha mpira aliopaswa kuudaka, au akiurusha pasipostahili, yupo mwandishi rasmi jukwaani ambaye kazi yake ni kuamua kama hilo ni kosa. Akishaamua, tarakimu hubadilika ubaoni mbele ya maelfu ya watazamaji, na jina la aliyekosea huingia katika kumbukumbu za mchezo.

Lakini mchezo hausimami. Aliyekosea hubaki mahali pake na glavu yake mkononi, na zamu yake ya kupiga ikifika hukabidhiwa rungu kama wenzake.

Kijana Mkristo anayecheza mchezo wowote, awe wa Mwanza, Kisumu au Bukavu, anayo mengi ya kujifunza kwenye safu hiyo ya tatu. Viwanjani kwetu kosa halina mwenyewe. Golikipa akitema mpira, uwanja ulikuwa na mabonde. Timu ikifungwa, mwamuzi alinunuliwa. Kijana hukua akijua kwamba kushindwa ni jambo la kutafutiwa mchawi, naye hulipeleka zoea hilo hadi kanisani, akaomba ushindi kila Jumamosi na asitubu hata mara moja jinsi alivyocheza.

Hapa hapana budi kusema wazi. Kwa vijana wengi, sala ya kabla ya mechi imegeuka hirizi. Wapenzi wa soka Tanzania wanaijua vizuri ile inayoitwa kamati ya ufundi, ambayo kazi yake si ufundi hata kidogo bali ushirikina, na Wakristo huilaani kwa sauti kubwa. Ila mchezaji anayepiga ishara ya msalaba akiamini kwamba kwa hiyo Mungu amefungwa kumpa bao, tofauti yake na mwenye kuzika yai golini ni ndogo kuliko anavyodhani. Wote wawili wanataka nguvu ya kutumia, na hakuna kati yao anayemtafuta Bwana wa kumtumikia.

Besiboli hulivunja wazo hilo mapema. Mpigaji anayefaulu mara 3 katika kila 10 huhesabiwa hodari. Ted Williams alipomaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406, yaani mara 4 na kidogo katika 10, alikuwa wa mwisho: tangu mwaka huo hakuna mchezaji wa American League wala National League, ligi mbili kuu za Marekani, aliyefikia 4 katika 10 kwa msimu mzima. Wamepita hapo wacha Mungu wengi wenye kufunga na kusali, na wote wamerudi kwenye benchi mikono mitupu mara nyingi kuliko walivyofaulu.

Na tumtazame Dave Dravecky, mrushaji wa San Francisco Giants, Mkristo asiyeificha imani yake. Oktoba 1988 madaktari walimwondolea nusu ya msuli wa bega la kushoto, la mkono wake wa kurushia, kwa sababu ya uvimbe wa saratani. Tarehe 10 Agosti 1989 alirudi uwanjani na kuishinda Cincinnati 4-3, watu wakasimama kumshangilia. Mahubiri mengi yangependa kuishia hapo. Siku tano baadaye, mjini Montreal, mfupa wa mkono uleule ulivunjika akiwa katikati ya kurusha mpira, na mwaka 1991 mkono wote ukakatwa. Dravecky hakuiacha imani. Yeye na mkewe Jan walianzisha huduma ya kuwatia moyo wagonjwa wa saratani na waliokatwa viungo. Anayemwahidi kijana kwamba akimcha Mungu hatavunjika, na amweleze pia habari za mtu huyu.

Basi imani ya mwanamichezo huonekana wapi kama si kwenye kombe? Makala haya yanasema huonekana katika namna anavyolikabili kosa, lake mwenyewe na la mwenzake. Yapo mambo yaliyotokea Detroit mwaka 2010 ambayo kila mwalimu wa vijana angepaswa kuyajua kwa moyo.

Jioni ya tarehe 2 Juni mwaka huo, Armando Galarraga, kijana wa Venezuela mwenye miaka 28, alikuwa akiirushia Detroit Tigers dhidi ya Cleveland. Hakuwa nyota. Msimu ule alikuwa ameuanza katika ligi ya chini, huko Toledo, na alirudishwa timu kubwa wiki chache tu kabla. Siku hiyo kila aliyesimama mbele yake na rungu alitolewa, wa kwanza hadi wa 26. Akimtoa wa 27, angekuwa amecheza mchezo usio na doa, jambo ambalo hadi siku hiyo lilikuwa limefanyika mara 20 tu katika historia yote ya ligi kuu.

Mpigaji wa 27, Jason Donald, aliupiga mpira ukaviringika upande wa kulia. Miguel Cabrera akauokota, akamtupia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kituo cha kwanza. Mpira uliingia kwenye glavu, mguu ukakanyaga kituo, mkimbiaji akiwa bado hajafika. Uwanja mzima uliona. Mwamuzi Jim Joyce, mkongwe wa kazi yake aliyeheshimika kwa miaka zaidi ya 20, akanyoosha mikono kuonyesha kwamba mkimbiaji amefika salama.

Galarraga alitabasamu. Picha za video zipo: hakutupa glavu, hakumsogelea mwamuzi kifua mbele, hakutukana. Wenzake walimzonga Joyce, kocha Jim Leyland alitoka kulalamika, watazamaji wakazomea. Yeye alirudi kwenye kilima cha mrushaji, akauchukua mpira, akamtoa mpigaji aliyefuata. Tigers wakashinda 3-0.

Joyce aliingia katika chumba cha waamuzi, akaomba aonyeshwe video. Alipoiona, hakutafuta pa kujifichia. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba amekosea, na kwamba amemnyang'anya kijana yule mchezo wake. Akaomba aonane na Galarraga, akamkumbatia huku akilia, akamwomba radhi. Galarraga akamjibu kwamba hakuna binadamu aliye mkamilifu. Uongozi wa ligi ulikataa kuubadilisha uamuzi, kwa hiyo vitabu havimhesabu Galarraga miongoni mwa waliocheza mchezo usio na doa. Kosa limebaki limeandikwa.

Kesho yake Joyce alipewa nafasi ya kupumzika, akakataa. Zamu yake ilikuwa kusimama nyuma ya mpigaji, mahali ambapo kila jicho humwona. Kabla ya mchezo, karatasi ya majina ya wachezaji, ambayo kwa kawaida hupelekwa na kocha, ilipelekwa na Galarraga mwenyewe. Joyce aliipokea akifuta machozi, akampigapiga kijana begani. Watazamaji wa Detroit, walewale waliokuwa wamezomea, wakapiga makofi. Siku chache baadaye gazeti la michezo la ESPN liliwauliza wachezaji 100 ni nani mwamuzi bora katika ligi yao, na aliyetajwa na wengi alikuwa Jim Joyce.

Hakuna anayedai hapa kwamba watu hawa wawili walikuwa wahubiri. Lakini lile ambalo Yesu alimfundisha Petro, alipouliza ndugu asamehewe mara ngapi, lilionekana pale kwa macho. Yapo mawili hapo, kusamehe na kuungama, na vijana wetu hulisahau moja. Msamaha wa Galarraga ulikuwa mzuri, ila ulikutana na ungamo lililo wazi. Joyce hakusema "kama nimemkosea mtu, naomba radhi", kama wanavyosema wakubwa wengi siku hizi. Alilitaja kosa kwa jina lake, waziwazi. Kijana anayetaka kusamehewa bila kuungama anataka ubao usiandike kitu.

Besiboli ina kanuni nyingine inayostahili kutafakariwa. Pointi ikipatikana kwa sababu mdakaji amekosea, mwandishi huiandika ubaoni, ila haiingizi katika wastani wa pointi anazohesabiwa mrushaji. Asiye na hatia halipishwi deni la mwenzake. Ni haki tupu. Hapo ndipo Injili inapoupita mchezo huu mbali sana, maana pale Kalvari asiye na kosa ndiye aliyeandikiwa makosa yote ya wengine. Mwalimu wa Jumapili akitaka kuwaeleza vijana wa timu yake maana ya msalaba, hana haja ya kutafuta mfano mbali zaidi.

Kuna watakaouliza: je, kila uonevu unyamaziwe? La. Mtu wa kuulizwa hilo ni Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa besiboli.

Robinson alizaliwa Georgia mwaka 1919, akalelewa Pasadena, California, na mama yake Mallie, mwanamke wa sala. Ujana wake ulianza kuelekea kubaya, akizurura na kundi la vijana wa mtaani. Aliyemwokoa ni mchungaji kijana wa Kimethodisti, Karl Downs, ambaye hakungoja vijana wamfuate kanisani bali aliwafuata barazani. Robinson akawa mwalimu wa Jumapili. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyoamka Jumapili mwili ukimuuma kwa mechi ya jana yake, akatamani kulala, lakini akaamka akaenda kufundisha watoto. Wachezaji wetu wanaoona mechi ya Jumamosi ni udhuru wa kukosa ibada wamtazame huyo.

Agosti 1945 Branch Rickey, kiongozi wa Brooklyn Dodgers, Mmethodisti naye, alimwita ofisini. Wakati huo timu za ligi kuu hazikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi. Rickey alimtolea mfano wa matusi yote atakayokutana nayo, kisha akamkumbusha mafundisho ya Kristo juu ya kugeuza shavu la pili. Robinson akakubali kutolipiza kisasi. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani, na kabla mwezi haujaisha kocha wa Philadelphia, Ben Chapman, alimporomoshea matusi ya rangi mbele ya umma. Robinson aliungama baadaye kwamba siku hiyo alikaribia mno kushindwa. Alijizuia. Mwisho wa msimu akatangazwa mchezaji bora miongoni mwa wapya wa ligi.

Ila kujizuia kule kulikuwa na lengo na muda wake. Mlango ulipokwisha kufunguka, Robinson alisema waziwazi, na aliendelea kupigania haki hadi kufa kwake mwaka 1972. Mwaka 1959 alikuwa mmoja wa Wamarekani mashuhuri waliomsaidia mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma vyuo vya Marekani. Upole wa namna hiyo haukuwa woga, na kijana asidanganywe na yeyote anayemhimiza kunyamazia maovu kwa jina la unyenyekevu.

Linabaki jambo linalotugusa sisi moja kwa moja, nalo ni la aibu: udanganyifu wa umri. Mwaka 2001 timu ya watoto wa Bronx, New York, iliwashangaza watu katika mashindano ya besiboli ya dunia ya watoto wasiozidi miaka 12, ikashika nafasi ya tatu kwa nguvu ya mrushaji mmoja wa ajabu. Ikaja kubainika kwamba mtoto huyo alikuwa na miaka 14. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimeghushiwa na watu wazima. Ushindi wote wa timu ukafutwa, na walioumia zaidi ni wenzake waliokuwa na umri halali.

Hatuna haki ya kuwacheka. Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kumchezesha aliyezidi umri, na nafasi yake ikapewa Zimbabwe. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walikuwa wa kwanza kutoka Afrika kufuzu kwenda kwenye mashindano yaleyale ya besiboli huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza kwa sababu nyaraka zao za kuzaliwa hazikulingana. Mwaka uliofuata wenzao wa Lugazi, Uganda, walikwenda, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Watoto wa Lugazi walionyesha kwamba kipaji kipo, hakihitaji kusaidiwa na uongo.

Na bado kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari Tanzania, ukikaribia, habari za mamluki hurudi: kijana aliyekwisha maliza shule anapewa jina la mwanafunzi aliyebaki nyumbani, miaka inapunguzwa, picha inabandikwa upya. Huenda baadhi ya wanaofanya hivyo ni wazee wa kanisa na walimu wa Jumapili. Wanamfundisha mtoto kujibu kwa jina lisilo lake, kisha wanamwambia apige magoti waombee safari.

Mwalimu wa namna hiyo na aanzie kwenye fomu ya usajili. Aichane iliyo na uongo, aandike majina ya kweli hata kama timu itadhoofika, kisha awakusanye wachezaji wake wote, pamoja na yule mamluki, awaambie kwa kinywa chake kwamba alikosea na wapi alikosea, kabla basi la kwenda mashindanoni halijaondoka.