Daftari la matumizi si kujichongea kwa TRA

Vijana wengi wanaolima kibiashara hapa Kaengesa wananiambia maneno yaleyale: "Bwana shamba, ukiandika hesabu zako unajichongea kwa TRA." Mimi sikubaliani kabisa. Asiyeandika ndiye anayelipa zaidi.

Chukua jedwali la kodi ya makadirio la mwaka 2023/2024. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kitu. Mauzo yakifika milioni 8, mwenye kumbukumbu analipa shilingi 120,000. Asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mahindi ni yaleyale na bei ni ileile, ila mmoja ameacha 130,000 mezani. Hiyo si ni hela ya palizi?

Sasa twende kwa aliyepanua shamba. Mauzo yakizidi milioni 11 mpaka milioni 100, makadirio ni asilimia 3.5 ya mauzo. Angalia vizuri: ya mauzo, sio ya faida. Tuseme umeuza mahindi na maharage ya milioni 30, na umetumia milioni 26. Faida ni milioni 4 tu, lakini unadaiwa 1,050,000. Zaidi ya robo ya faida imeondoka.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakuruhusu kujitoa kwenye makadirio na kutozwa kwa faida. Hapo gharama za kuzalisha zinatolewa kwanza. Kwenye faida yako ya milioni 4, shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi. Inayobaki, 760,000, inatozwa asilimia 8. Kodi ni 60,800. Chukua simu upige hesabu mwenyewe.

Haitamfaa kila mtu. Faida ikiwa nono, makadirio yanaweza kuwa nafuu zaidi. Lakini bila daftari utajuaje uko upande gani?

Matumizi halali ni yale ya kazi ya shamba: mbegu, mbolea, viuatilifu, kukodi ardhi, trekta au plau ya ng'ombe, vibarua, mifuko, kupukuchua, usafiri wa mzigo. Mbolea ya ruzuku unaandika kile ulicholipa wewe, sio bei kabla ya ruzuku. Pikipiki inayokwenda shamba na kanisani, hesabu sehemu ya shamba tu. Ada ya mtoto na bati za nyumba ya kulala hazimo, na ukizichomeka humo ndipo unapojichongea kweli.

Ushahidi je? Dukani dai risiti ya EFD, usikubali karatasi ya kuandika kwa mkono. Risiti hizo hufifia, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Kibarua mwandikie hati ya malipo: jina, namba ya simu, kazi, kiasi, sahihi au dole gumba. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe. Kumbukumbu hizi zikae miaka 5.

Kuna faida nyingine ambayo haimhusu mtu wa kodi. Ukijua gunia moja limekugharimu kiasi gani, mlanguzi akija shambani na bei yake unajua kama anakununua au anakuibia. Na ukienda benki kuomba mkopo, una kitu cha kuonyesha.

Viwango hubadilika bajeti ikipita kila Juni, hivyo kabla ya kuamua nenda ofisi ya TRA Sumbawanga na TIN yako, uulize cha mwaka huu. Kuuliza hakulipiwi. Halafu nunua kaunta buku kabla mvua za Novemba hazijaanza, na ukurasa wa kwanza andika mfuko wa kwanza wa mbegu. Jasho umeshalitoa. Kwa nini ulipe kodi ya hela ambayo hukuipata?