Bustani ya Nyumbani: Mwembe Usikatwe, Kivuli Kipangwe

Ndugu msomaji mmoja, mfanyakazi wa hapa Dar es Salaam ambaye nyumba ya wazazi wake iko Chiwata, wilayani Masasi, ameleta swali ambalo naamini linasumbua nyumba nyingi. Uani kwao pana mwembe mkubwa uliopandwa na marehemu babu yake. Kila aendapo likizo hupanda maua chini yake, na kila arudipo hukuta yamekufa. Sasa kaka yake mkubwa anashauri mti ukatwe ili bustani ipate kustawi. Mama yao hataki hata kulisikia jambo hilo. Ndugu yetu anauliza: nani mwenye haki?

Mwenye haki ni mama. Mwembe ule ndio sebule yake ya mchana. Pale hupokea wageni, hupeta nafaka, na wajukuu hulala mkekani jua linapokuwa kali. Kuukata ili kupanda mawaridi ni kubomoa nyumba ili upate mahali pa kuweka kiti. Maua yale hayakuuawa na mti. Yalikuwa ya aina ipendayo jua, yakapandwa karibu na shina, mahali ambapo mizizi ya mwembe hunywa kila tone kabla hayajaonja.

Aijuaye nchi ya Wamakonde hahitaji kuhadithiwa habari za maji. Udongo wa uwanda ule wa juu aghalabu ni wa kichanga. Mvua ikinyesha huzama upesi, ikaenda kutokea chini kwenye chemchemi za mabondeni. Kwa vizazi vingi akina mama walishuka magenge alfajiri na kupanda tena na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, uliyapandisha maji kwa mitambo kutoka mabondeni na kupunguza taabu hiyo. Lakini hata penye bomba, ndoo ya maji si kitu cha kumwaga ovyo. Kwa hiyo, kabla hujauliza ua gani linapendeza, uliza ni nani atakayelinywesha. Mwenye likizo ya siku 28 hupanda akaenda zake. Miezi 11 inayobaki ni kazi ya mama.

Basi tupange ukingo wa maua usiomtumikisha mama.

Kwanza, usiuzungushie mti duara la maua shinani. Acha mita moja na nusu au mbili tupu kuzunguka shina, na mkeka ubaki mahali pake. Ukingo uwe nje zaidi, pale matawi yanapoishia na matone ya mvua hudondokea, upinde kama mwezi mchanga, upana usiozidi mita moja ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga. Usikate mizizi minene, wala usilundike udongo juu yake. Tafuta nafasi katikati ya mizizi, chimba vishimo vidogo, ujaze mboji ya majani makavu ya mwembe wenyewe pamoja na samadi iliyooza. Maembe yakishakwisha, punguza matawi machache ya chini kabisa ili mwanga uingie kutoka ubavuni. Nasema machache, fundi wa panga akiachiwa peke yake, jioni utakuta nguzo.

Jambo la pili wengi hulisahau. Chiwata iko kusini mwa ikweta, kiasi cha digrii 10. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Oktoba, kiangazi chote kikiwemo, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na upande wa kusini wa mti hubaki na kivuli. Wakati wa mvua, mwezi wa Desemba, jua huhamia kusini kidogo. Kwa hiyo upande wa kaskazini hukauka zaidi katika miezi ile ile isiyo na mvua. Panda huko mimea migumu, na ile laini ipeleke kusini.

Migumu ni ipi? Upo ule mkonge mdogo wa porini, wenye majani yaliyosimama kama panga. Yapo masale, ambayo Wachaga huyapanda mipakani na kuyatumia kuombea suluhu. Hayo yakae nyuma kwa sababu hurefuka. Lakini ningepewa kuchagua mmoja tu, ningechukua zamiokulka, wenye vijani vinene ving'aavyo kama vilivyopakwa mafuta. Asili yake ni Afrika ya Mashariki na Kusini, nasi twaununua kwa wauza miche kana kwamba umeshuka na meli. Chini ya ardhi una viazi vya kuhifadhia maji, na ukame ukizidi hudondosha majani na kungoja mvua. Watoto waonywe tu wasiutafune, maana huwasha kinywa.

Upande wa kusini panafaa lile ua laini la rangi nyekundu, waridi au jeupe, ambalo kibegi cha mbegu zake hupasuka ukikigusa. Nalo ni letu, la pwani na misitu ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1882 wataalamu wa Uingereza waliliita kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, nalo likaenea katika bustani za kivuli za Ulaya na Marekani. Hili lina kiu. Lipewe maji ya kusuuzia vyombo, nalo likifa kiangazi, lisililiwe. Lakini ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Wajerumani walilipa jina la kitaalamu mwaka 1893, liacheni huko huko kwenye ukungu wake. Kiangazi cha Masasi hakilifai.

Ukingoni kabisa, penye mwanga kiasi, panda manjano. Huchipua kwa mvua za Desemba, hukauka majani kiangazi, ukachimba kitoweo wakati ambapo hayahitaji maji tena. Mama atakayeona kitu cha kutia chunguni hatauchukia ukingo huo.

Iko hoja moja ya wazee ambayo haifai kubezwa: uwanja hufagiliwa ukawa mweupe ili nyoka aonekane. Kwa sababu hiyo ukingo uwe mbali na mlango na njia ya chooni, usiachwe ukawa kichaka, na majani ya kufunika udongo yasizidi unene wa vidole viwili. Makopo ya kupandia yatobolewe chini, yasije yakawa kisima cha mbu.

Ndugu yetu asipande chochote likizo hii ikiwa anakwenda Juni. Apunguze matawi baada ya msimu wa maembe, aanze shimo la mboji, na mvua za kwanza zikishika ndipo miche iingie ardhini. Zamiokulka haihitaji hata kubebwa na kopo ndani ya basi: vijani vyake vichache ndani ya bahasha vyatosha. Vikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, kila kimoja hufanya kiazi chake, ila huchukua miezi mingi. Mama aambiwe mapema, asije akavitupa akidhani vimekufa.