Bastola haitatuokoa na vijana wa panga

KAULI YA KISIWANI
Na Zuhura Athman

Kila vijana wa panga wanapovamia mtaa, iwe Kisauni, Likoni au hapa Mji wa Kale wa Mombasa, barazani huzuka hoja ile ile: serikali ilegeze sheria ya silaha, mwenye duka na mwenye nyumba wapewe bastola wajilinde. Wasemao hivyo wamechoka, na uchovu wao nauelewa. Dawa wanayoitaka ndiyo siikubali.

Mfano wao mkubwa ni Westgate. Magaidi walipoliingilia jengo lile la maduka jijini Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, Abdul Haji, raia mwenye bastola ya leseni, alikuwa miongoni mwa waliojitosa ndani kuokoa watu. Ushujaa wake haubishaniwi. Lakini bastola ile aliimiliki chini ya sheria hii hii inayolaumiwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimkatazi Mkenya kuwa na bunduki. Inamtaka aombe, atoe sababu, achunguzwe, kisha bodi ya leseni iamue. Kinachodaiwa sasa ni kuondoa huo uchunguzi.

Na si jambo gumu kuuondoa. Marekani haki ya kumiliki silaha imo katika katiba tangu 1791. Katiba yetu ya 2010 haina haki hiyo, kwa hiyo ulinzi wetu wote umo katika sheria ya kawaida, ambayo Bunge laweza kuigeuza kwa mswada mmoja. Hofu ikipanda karibu na uchaguzi, hakosekani mwanasiasa wa kuupeleka.

Kabla hatujafika huko, tuikumbuke Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi ambao wengi wao walibeba silaha za jadi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kwenye kivuko. Waliwaua askari na kuondoka na bunduki zao. Katika ghasia zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 100, na maelfu wakayahama makazi yao. Bunduki zilizowekwa kuulinda mtaa ndizo zilizouangamiza.

Basi ikiwa ghala la polisi lilivunjwa, bastola iliyofichwa chini ya mto wa muuza duka wa Kuze itasalimika vipi? Leo genge linakuja kutafuta simu na pesa. Likijua kila nyumba ina bastola, litakuja kutafuta bastola, na litakuja na watu wengi, wewe umelala. Hao tunaowaita vijana wa panga watakuwa vijana wa bunduki, kwa silaha tulizowanunulia sisi wenyewe.

Tena vichochoro vyetu ni vyembamba, madirisha yanatazamana. Risasi ikimkosa mwizi Kibokoni, itampata mtoto anayetoka chuoni.

Sheria hii ina kasoro. Ilitungwa na mkoloni mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, na hadi leo leseni humfikia mwenye uwezo kabla ya mnyonge. Kuilegeza hakutamfaa mnyonge huyo, kwani bastola yenyewe hataweza kuinunua.

Tudai doria za miguu usiku, kesi za mapanga zisikilizwe haraka, na vijana wetu wapate kazi. Nanyi wabunge wa Pwani, mkiletewa mswada wa kulegeza Sura ya 114, ukataeni.