Kumtuma askari kwenye theluji bila mafunzo ni kumtuma kufa

Kila majira ya baridi, wanajeshi wa Marekani na Uingereza wanafika kaskazini mwa Norway kujifunza kuishi katika theluji. Wanafundishwa kutembea kwa ski, zile mbao mbili ndefu za kutelezea. Halafu kuna zoezi la kutisha: askari anajitupa majini katika shimo lililokatwa kwenye barafu, kisha anajitoa mwenyewe kwa kuchoma fimbo zake za ski kwenye barafu hiyo. Kuna wanaosema hiyo ni michezo ya majeshi tajiri. Wanakosea, na barabara ya Raate ni ushahidi.

Novemba 30, 1939, Umoja wa Kisovieti ulivamia Finland, inchi ndogo sana mbele yake. Divizioni ya 44, iliyotoka Ukraine, ilisukumwa ndani ya pori kwa barabara hiyo moja nyembamba. Ilikuwa na vifaru, mizinga na magari. Lakini askari wake hawakuzoezwa kupigana kwa ski, wala hawakuwa na nguo nyeupe za kujificha kwenye theluji. Basi walibaki barabarani. Wafini, ambao walikuwa wachache, walipita porini wakiteleza kimya, wakaikata safu ile vipande vipande. Walishambulia hata majiko ya jeshi, maana katika baridi iliyokaribia digrii 40 chini ya sifuri, mtu asiyepata chakula cha moto hadumu. Wao wenyewe walirudi kulala katika mahema yenye moto.

Mwanzoni mwa Januari 1940 divizioni ilikuwa imevunjika. Kamanda wake, Alexei Vinogradov, alipigwa risasi Januari 11 mbele ya askari wake waliobaki.

Hapo ndipo penye uchungu. Vinogradov alikuwa na makosa yake, lakini si yeye aliyeamua kuanzisha vita mwanzoni mwa baridi na watu wasiofundishwa. Ski ni mbao tu, hata jeshi maskini linaweza kuzichonga. Kilichokosekana ni miezi ya kumfundisha askari kabla ya kumpa amri, na hiyo ni kazi ya wakubwa waliokuwa Moscow, katika ofisi zenye joto. Waziri wa ulinzi, Kliment Voroshilov, aliondolewa Mei 1940. Yeye hakupigwa risasi. Alipewa cheo kingine serikalini.