Nyumba ya Msabu Inawangoja Wajukuu

Ukifika kwenye nyumba ya Karen Blixen, nje kidogo ya katikati ya Nairobi, usikimbilie ndani. Keti kwanza barazani. Ukuta ulio nyuma yako ni wa mawe ya kijivu yaliyochongwa moja moja, na juu ya kichwa chako paa la vigae vyekundu limeshuka chini kiasi cha kuifunika baraza kwa kivuli. Upande wa magharibi viko vilima vya Ngong. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa wala mapambo mengi, lakini aliyeijenga aliijua vyema baridi ya mahali pale.

Msweden Åke Sjögren ndiye aliyeijenga, mwaka 1912. Shamba lilikuwa zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai huko huuma. Ndiyo sababu kuna mahali pa kukokea moto ndani, na kuta za vyumba zimevikwa mbao. Baridi hiyo hiyo haikuihurumia kahawa. Karen na mumewe, Bror Blixen, walipohamia humo mwaka 1917 walikuwa na mashamba ya kahawa mahali palipoinuka mno kwa zao hilo. Ukame ukawaandama, bei zikaanguka, kiwanda cha kahawa kikaungua mwaka 1923. Mwaka 1931 kila kitu kikauzwa, naye Karen akarudi Denmark, ambako mwaka 1937 alichapisha kitabu kuhusu shamba lile.

Serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo mwaka 1964 ikaitoa zawadi kwa Kenya iliyokuwa imetoka kupata uhuru. Filamu iliyotokana na kitabu ilitoka mwaka 1985, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kwa umma chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wageni wanakuja kutoka pande zote za dunia. Paa linakarabatiwa, bustani inafyekwa, na baadhi ya samani ambazo Karen aliziuza kabla ya safari zimerudi mahali pake.

Mawe, basi, yana mtunzaji. Ninaowahofia ni watu.

Wakikuyu walikuwa katika ardhi hiyo kabla ramani ya shamba haijachorwa, kisha wakaitwa maskwota pale pale walipozaliwa. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mkazi wa namna hiyo amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Punde kikaja kipande, yaani kitambulisho, ambacho kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea nacho, kikiwa ndani ya kijaluba cha bati kinachoning'inia shingoni. Hao ndio waliopanda miche na kuchuma kahawa. Hao ndio waliokoka moto na kuteka maji. Watoto wao wachunga mbuzi waliingia sebuleni adhuhuri, wakasimama kimya kuingoja saa ya ukutani ambayo kindege huchomoza ndani yake na kulia. Asubuhi wagonjwa walikusanyika nje ya nyumba kutibiwa, na jioni kulikuwa na shule ya usiku. Na lugha iliyomkutanisha Mdenmaki, Mkikuyu na Msomali hapo barazani ilikuwa Kiswahili, hiki hiki ninachokuandikia. Karen wao walimwita Msabu.

Mmoja tumebahatika kumsikia kwa maneno yake mwenyewe. Kamante Gatura alikuwa kijana mdogo mwenye vidonda vibaya miguuni. Msabu akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi amepona, akawa mpishi hodari wa nyumba ile. Uzeeni akasimulia aliyoyaona, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka 1975. Ukiyajua hayo, huwezi tena kupita kwenye jiko lile ukitazama masufuria tu. Lakini shamba lilikuwa na mamia ya watu, na Kamante ni mmoja.

Kabla ya kuondoka, Karen aliwahangaikia maskwota serikalini ili wasitawanywe kila mtu na njia yake, wakapatiwa ardhi Dagoretti wahamie pamoja. Kwa hiyo wajukuu wapo. Huenda ni wewe unayesoma hapa, au jirani yako, au mama anayekuuzia mboga. Mtoto aliyezaliwa shambani mwaka ule wa mwisho, kama angali hai, amekwisha kuvuka miaka 90.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, kaa na mzee wenu. Usimhoji kama karani wa sensa. Muulize mama yake alimbeba vipi mtoto mgongoni huku akichuma kahawa. Muulize ngoma zilichezwa wapi, mshahara ulinunua nini, chifu Kinanjui alisemwaje nyumbani, na mahali pale paliitwaje kabla ya kuitwa Karen. Akiiacha hadithi moja akadandia nyingine, mfuate. Mrekodi kwa simu, kwa lugha ya mamake, kisha uandike jina lake, kijiji chake na tarehe. Kama kipande cha babu kingalipo sandukuni, msikitupe wala msimuuzie mnunuzi wa vitu vya kale. Kipigeni picha pande zote mbili, mpeleke nakala makumbusho, chenyewe kibaki nyumbani.

Walimu, mkiwapeleka wanafunzi pale, wapeni kazi ya kurudi na swali moja la kumuuliza mkongwe wa kwao. Nanyi mnaoitunza nyumba hiyo kwa niaba yetu, tungefurahi sana kuona chumba kimoja, hata kama ni jiko peke yake, kikijazwa sauti za waliofanya kazi humo, ili mtoto wa Dagoretti akiingia asijione mgeni. Nyumba imetunzwa vizuri kiasi kwamba nafasi ya sauti hizo ipo. Zinazokosekana ni sauti zenyewe, na ziko majumbani mwetu.

Jumapili hii ukienda kumsalimia nyanya au babu, hakikisha simu yako ina chaji.