Arnhem Land Haikuwa Pweke

Ametuandikia muungwana mmoja, kwa yakini isiyo na haya, kwamba pwani ya Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, ilikaa bila muamala wowote na ulimwengu hata walipofika Waingereza. Laiti angalimsoma Matthew Flinders, nahodha wa Kiingereza, ambaye mwezi wa Februari 1803 alikuta huko majahazi 6 ya Makassar, bandari ya kisiwa cha Sulawesi, chini ya mkuu wao Pobassoo, yaliyokuja kwa pepo za musimu kutafuta majongoo bahari, ambayo yalichemshwa katika masufuria makubwa ya chuma, yakakaushwa kwa moshi, kisha yakauzwa Uchina! Wayolngu, wenyeji wa nchi, walipata kwa mabaharia hao mashoka, nguo na tumbaku, na baadhi yao walisafiri hata Sulawesi. Mikwaju ya wageni hao ingali imesimama ufukoni. Biashara hiyo haikufa kwa uzembe wa wenyeji: serikali ya Australia Kusini, iliyotawala pwani hiyo wakati ule, iliitoza ushuru, kisha ikawanyima mabaharia ruhusa, na jahazi la mwisho likaondoka mwaka 1907.