Ulinzi wa Taifa Stars

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu ulinzi wa Taifa Stars.

Katika fainali za Afrika za 2019 kule Misri tulifungwa mabao 8 katika mechi 3. Senegal na Algeria sawa, hao ndio waliokutana fainali. Lakini Kenya! Tuliongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, tukalala 3-2. Bao lao la pili lilitokana na kona. Julai mkataba wa kocha Amunike ukavunjwa.

Kocha ana lawama zake, ila kumkaba mtu kwenye kona hufundishwa utotoni, si kambini. Huku kwetu kila kijana anataka kuwa mshambuliaji. Wahusika watueleze: walimu wa vijana watapanda lini milima hii?

Mpenda Soka,
Magamba, Lushoto.